Mawenzi aliomba moto, hakuomba kusahihishwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Majengo hapa Moshi. Mwezi uliopita tukiwa kambini Horombo mgeni aliniuliza kwa nini Mawenzi umechongoka na Kibo umekaa duara, vilele viwili vya Kilimanjaro hiyohiyo. Nikamsimulia kama bibi yangu wa Marangu alivyokuwa akitusimulia, jinsi Mawenzi alivyopigwa na Kibo. Mwenzangu akanikata mbele ya wagumu wote, wapagazi wetu: "Usimpe mgeni hadithi, mwambie hiyo ni imani potofu ya Wachaga." Mmoja akasema ni hekaya, mpishi akasema ni ngano. Naomba kujua, neno sahihi ni lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpishi ndiye aliyekaribia. Mpe salamu zangu, na mwambie uji wake nauamini kuliko elimu ya huyo mwenzako.

Nilipe kwanza deni la asili ya maneno, upesi, nibaki na nafasi ya kugombana. "Hadithi" na "hekaya" tulizipata kwa Waarabu. Hadithi kwa asili yake ni habari, maneno yaliyosemwa. Ndiyo maana msikitini hadithi ni mapokeo ya Mtume, tena yenye mlolongo wa wapokezi, na anayesema "ah, hizo ni hadithi tu" aangalie amesimama wapi. Hekaya ni kisa cha kusimulia, aghalabu chenye vituko. "Ngano" ina balaa lake huku kwetu: ukiandika "ngano za Siha", nusu ya wasomaji watadhani unazungumzia mashamba ya Kilimanjaro Magharibi. "Kisasili" ni neno la darasani, limeungwa kwa kisa na asili, yaani kisa kinachoeleza jambo limeanzaje. Wengine huandika "kisaasili", siwapigii kelele. Kibo na Mawenzi ni kisasili. Umeshajibiwa, na kama una mteja anakusubiri getini waweza kuishia hapa.

Sasa nije kwenye "imani potofu".

Neno hili lina kazi yake, na silichukii likiwa kazini. Zahanati ninayokwenda kupimwa presha imebandika tangazo la safu mbili, kushoto "Imani potofu", kulia "Ukweli". Kushoto wameandika kwamba chanjo inaleta ugumba. Sawasawa kabisa. Kupotoa ni kupindisha kilichokuwa kimenyooka. Mtu amepindishiwa habari, anarudishwa kwenye mstari, anachanja mtoto, anakwenda zake. Shida ni kwamba neno halikutulia zahanati. Limepanda daladala, limekwenda semina.

Semina yenyewe niliihudhuria Arusha, katika ukumbi wenye viyoyozi, mwezi wa Julai, wakati hata mbwa wa Arusha wanatafuta blanketi. Mada ilikuwa mila na maendeleo. Mwezeshaji, kijana mtanashati, akachora mstari katikati ya karatasi kubwa ya ukutani. Upande wa kushoto akaandika kwa kalamu nyekundu: "Imani potofu za Wamaasai". Namba moja: ng'ombe wote walishushwa kutoka mbinguni. Akapiga mstari chini ya "wote", mara mbili, akatugeukia akingoja tucheke. Wachache walicheka, maana posho ilikuwa bado haijatolewa.

Mzee mmoja kutoka Longido, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno zaidi ya kuomba sukari, akainua mkono. "Mwanangu, asubuhi tumefungua semina kwa sala. Ile sala iko upande gani wa mstari?"

Mwezeshaji akasema ni swali zuri, litajibiwa mchana. Mchana tulilipwa nauli tukaondoka.

Miaka imepita, na mimi ule mstari bado naugombeza. Kisa chenyewe, kwa asiyekijua, ni kwamba Engai, Mungu wao, aliwashushia Wamaasai ng'ombe kwa ukanda wa ngozi kutoka juu. Katika masimulizi mengine Mdorobo, mwindaji, aliona wivu akaukata ukanda kwa mshale, na ng'ombe wakakoma kushuka. Sasa niambie, ni mfugaji gani aliyesimulia haya akidhani anafundisha uzalishaji wa mifugo? Yule mzee wa Longido ameshavuta ndama usiku wa manane mkono ukiwa ndani hadi kiwiko. Anajua ng'ombe anatokea wapi kuliko mimi, wewe na mwezeshaji tukichangishwa pamoja. Kisa kinasema jambo jingine: sisi ni watu tuliokabidhiwa ng'ombe. Huo ni utambulisho. (Utambulisho, tafadhali, si kitambulisho. Kitambulisho hutolewa na NIDA, kina picha na namba. Utambulisho ni ile kazi ya mshereheshaji harusini: huyu ni mtoto wa nani, wametoka wapi, wajomba wasimame tuwaone. Kisasili ndiye mshereheshaji wa kabila.)

Wala sisemi kisasili ni malaika. Hicho cha ng'ombe kimetumika kama hoja ya kwenda kuchukua mifugo ya jirani, eti ni kurudisha mali iliyopotea njiani. Na Mdorobo humo ndani ni maskini wa kudumu, tena mwenye kijicho, kwa sababu si yeye aliyeshika kipaza sauti. Mwezeshaji angetaka kukosoa, hapo palikuwa na nyama. Yeye akahangaika na ukanda wa ngozi, kama mtu anayelidai shairi risiti.

Turudi mlimani. Ngoja nikuonyeshe kitu ambacho wewe mwenyewe umekifanya bila kujua, na mwenzako hakukisikia kwa kuwa alikuwa anasahihisha. Katika barua yako umeandika "Mawenzi umechongoka". Kiambishi ni u-, mlima, ngeli ya miti. Mstari wa pili umeandika "Mawenzi alivyopigwa". Hapo ni a-, ngeli ya watu. Sarufi yako imevuka mpaka, na mwanao wa miaka minne angeuona huo mpaka pasipo kufundishwa. Mawenzi una mita 5,149. Huyo ni wa ramani, mbishie kwa vipimo. Mawenzi alikwenda kuomba moto; huyo ni wa bibi. Ukishasikia a- kwenye jina la mlima, umeshakaribishwa ndani ya kisa, vua viatu. Mwenzako aliingia na buti.

Na bibi yako hakusimulia kidogo. Kwa jinsi nilivyokisikia mimi, Mawenzi moto wake ulizimika. Akaenda kwa Kibo, akamkuta anatwanga ndizi kavu. Kibo akampa kaa la moto na kumwongezea ndizi za njiani. Mawenzi akaona tamu. Akalizima kaa mwenyewe, akarudi: jirani, limezimika. Akapewa tena, kaa na ndizi. Akarudi mara ya tatu. Kibo akamtazama, akageuza mchi. Yale meno-meno unayoyaona kutoka Horombo jua likipiga asubuhi ndiyo makovu yake.

Mtoto aliyekulia kihambani, kwenye shamba la ukoo la Wachaga, hasikii jiolojia hapo. Anasikia mambo ya nyumbani: kwamba moto huombwa kwa jirani, kwamba ndizi hutolewa hata kwa asiyeiomba, na kwamba mwenye kuuchezea ukarimu ataonwa na watu wote wa Himo hadi Machame, milele. Mimi hujiuliza kwa nini Mawenzi hakupeleka isale. Wachaga ndio wenye jani hilo la kuombea msamaha, hilohilo linalopandwa mipakani mwa vihamba. Labda ndiyo sababu kisa kinauma: alikuwa na dawa ya ugomvi shambani kwake, akaenda mikono mitupu mara ya tatu.

Najua utakachoniuliza, au mwenzako atakuuliza kwa niaba yangu. Mbona sisi wenyewe tunaanza na "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea"? Si tumekiri uongo mlangoni? Tumekiri, ndiyo, lakini kwenye ngano. Sungura akimwuzia fisi mfupa wa mwezi, tumeshakubaliana wote kwamba uongo umealikwa, umepewa kigoda, na ukimaliza kukolea utaondoka. Kisasili hakiitiki hivyo. Sijapata kumsikia mzee akieleza ukoo wake ulivyofika kwenye mlima huu akatanguliza "uongo njoo". Ndiyo maana nilisema mpishi amekaribia, sikusema amepata. Tofauti ya ngano na kisasili haiko kwenye ajabu za kisa. Iko kwenye mlango kilioingilia.

Kama mwenzako ana kiu ya kukamata uongo, nina kazi ya kumpa, na ni uongo unaosimuliwa na watu wa kazi yenu wenye sare na beji. Kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda. Nimekisikia kisa hiki kwenye basi, kwenye magari ya watalii, na mara moja kwa mwalimu wa historia. Mpaka ulipangwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, watu wazima wakigawana ardhi isiyo yao kwa kalamu. Mwaka huo Wilhelm hakuwa Kaisari. Babu yake ndiye aliyekuwa kwenye kiti, na yeye alikikalia 1888. Zawadi gani hiyo iliyotangulia hadhi ya mpokeaji kwa miaka miwili? Hakuna aliyethubutu kuiita imani potofu ya Wazungu. Tunaiita historia, tena tunawatoza.

Hata neno "potofu" lenyewe limewahi kupotoka kwenye mlima huu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima akaandika kwamba una theluji. Mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikataa katakata: theluji karibu na ikweta ni ndoto. Wachaga wakati huo walikuwa wanakunywa maji yanayotoka kwenye hiyo ndoto.

Na sasa nigeuze upande wa pili, nisije nikaonekana natetea vya kale peke yake. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Mwaka 1961, usiku wa Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliuweka mwenge kileleni Kibo. Hili lina tarehe, lina jina, lina picha. Ni kweli tupu. Lakini mwambie mtoto wa Mtwara, ambaye hajauona huu mlima isipokuwa kwenye chupa na noti, akueleze sisi ni nani, uone kama hatafika kwenye ule mwenge. Kweli imefanya kazi ya kisasili, na hakuna aliyeumia. Katika milima yote na vitu vyote, taifa changa lilipotaka kujitambulisha, lilipeleka moto kwa Kibo. Bibi yako wa Marangu asingeshangaa hata kidogo. Angeuliza tu kama safari hii kuna aliyempelekea Mawenzi.

Upande wa Arusha wanao Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Wanajiolojia huupanda kuchukua lava yake, ambayo haifanani na ya volkano nyingine yoyote iliyo hai duniani. Akina mama wa Kimaasai huenda huko kuomba watoto. Hukutana njiani, nadhani, na kusalimiana. Sijasikia mama aliyemnyang'anya mjiolojia nyundo yake, na ningependa adabu hiyo irudishwe.

Hukumu, basi. "Imani potofu" iachwe zahanati na kwa matapeli wa kuongeza fedha. Kwenye mtihani na kwenye makala andika "kisasili". Ukiwa na mgeni, neno hilo litakulazimisha kueleza mpaka uji upoe, kwa hiyo sema tu "Wachaga husimulia kwamba", kisha simulia, na ukifika kwenye jina la mlima tumia a- bila aibu. "Hadithi" nakuruhusu, kwa shingo upande, maana nimechoka na lugha ina watu wengi kuliko mimi. "Hekaya" pia sitakufunga. Lakini ukisema "ni hadithi tu", hiyo "tu" uiache lango la Marangu pamoja na chupa za plastiki.

Kuhusu mwenzako, usigombane naye. Safari ijayo mkifika Horombo mwombe kiberiti. Akikupa, kizime, urudi kuomba tena. Mara ya tatu simama mbali kidogo, na hakikisha mpishi ameficha mchi.