Kiraka cha faiba kimebanduka na ubao wa mashine unatoa maji ya kahawia: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni marafiki wanne hapa Tanga. Tumenunua boti ya faiba ya futi 16, ya miaka ya 1970, iliyokuwa imelala chini ya mwembe kule Pangani kwa miaka mingi. Tulikuta ufa kwa ndani, karibu na mkuku, tukaupiga kiraka cha faiba kwa rezini ya kawaida ya dukani. Wiki mbili baadaye kiraka kikabanduka kizima kizima, na upande wake wa chini unang'aa kama sahani. Halafu nyuma, pale panapofungwa mashine, ukipagonga hapalii kama sehemu nyingine, na tulipofungua kizibo cha kutolea maji yakatiririka maji ya kahawia. Fundi mmoja ametushauri tupige tabaka mbili za faiba juu ya ubao huo, tufunge mashine ya nguvu za farasi 40 tuondoke. Wenzangu wawili wanataka tupake rangi ili Iddi itukute baharini. Je, rezini ndiyo mbaya? Tuhamie ipoksi? Na ule ubao utabeba mashine?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ubao huo msifunge mashine yoyote, hata ya 8. Nitaufikia. Kwanza nijibu la kiraka, kwa sababu kosa lililokibandua litakuja kubandua kila mtakachojenga baadaye.

Kiraka kikibanduka, kisome kabla ya kukitupa. Kingekuwa na nyuzi nyeupe, kavu, zinazochomoka, ningesema rezini ilikuwa kidogo. Kingekuwa kinanata, ningesema hadna (dawa ya kugandisha rezini) ilipungua au mlifanya kazi kwenye unyevu. Chenu kinang'aa chini, maana yake rezini iliganda vizuri kabisa, ila haikushika kitu. Iliganda juu ya nta na mafuta. Boti ya faiba huzaliwa ndani ya kalibu iliyopakwa nta, na rezini ya tabaka la mwisho upande wa ndani nayo mara nyingi hutiwa nta ili isibaki ikinata. Juu ya hapo ongezeni petroli na oili ya miaka yote iliyokaa kwenye ngama. Mkichukua msasa mkasugua kabla ya kuosha, msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na uso unaonekana safi ilhali umeharibika zaidi.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: osheni kwa sabuni na maji baridi ya bomba mpaka chumvi iishe, acheni pakauke, kisha futeni kwa asetoni kwa matambara mawili, moja lenye asetoni na jingine kavu linalofuata nyuma yake papo hapo kabla haijakauka. Badilisheni matambara mara kwa mara. Baada ya hapo ndipo grainda na msasa namba 40 viingie, mpaka muone nyuzi za faiba ya zamani na uso wote uwe umefifia. Penye doa linalong'aa, kazi haijaisha. Ufa wenyewe msiuzibe tu kwa juu: chongeni kingo zake ziwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa ganda. Ganda la milimita 5 linataka mteremko wa sentimita 6 kila upande. Nguvu ya kiraka hutoka kwenye eneo hilo la mteremko, na watu wengi huliona ni kupoteza faiba nzima.

Sasa rezini au ipoksi. Rezini ya poliesta ndiyo iliyotengeneza boti yenu na si mbaya. Mkiwa na tabaka mbichi juu ya tabaka mbichi, zinaungana zikawa kitu kimoja. Lakini ikipakwa juu ya kitu kilichokwisha kuganda miaka 50 iliyopita inashika kwa kung'ang'ania tu, na juu ya mbao inashika vibaya zaidi. Ipoksi inang'ang'ania kuliko poliesta, inasinyaa kidogo inapoganda, na maji hayaipenyi kirahisi. Bei yake ni kubwa mara kadhaa, najua. Ushauri wangu: ipoksi kwenye ubao wa mashine na kwenye ufa ulio chini ya maji, poliesta, mkitaka kubana matumizi, kwenye sakafu na sehemu za juu. Ila shikeni mambo mawili. Mkishapaka ipoksi mahali, msirudi na poliesta juu yake, wala jelikoti (lile tabaka laini la rangi la nje ya boti ya faiba). Malizieni kwa rangi. Na ule mkeka wa faiba wa vipande vifupi unaouzwa kila duka, msiutumie na ipoksi. Gundi inayoshika vile vipande mara nyingi imetengenezwa iyeyuke kwenye poliesta. Kwenye ipoksi haiyeyuki, mkeka unabaki mgumu na haulowi. Kwa ipoksi tumieni kitambaa cha faiba kilichofumwa au kilichoshonwa. Tena, ipoksi ikiganda huweza kuacha utelezi kama nta juu yake. Huo unaondoka kwa maji na brashi. Osheni kwanza, ndipo msugue.

Tuje kwenye ubao. Kwa heshima zote kwa mwenzangu aliyewashauri, kuuvika ubao uliooza tabaka mbili ni kuuvika kidonda bandeji juu ya usaha. Ubao wa mashine kwenye boti za namna hiyo ni plaiwudi iliyofungwa katikati ya maganda mawili ya faiba. Faiba haiozi, plaiwudi inaoza. Maji huingia kupitia matundu ya bolti za mashine na tundu la kizibo, yanakaa humo, na kwa nje boti inaonekana nzima. Kama bado mna wasiwasi, toboeni kwa ndani kwa keekee ya milimita 6, sehemu tano: pembe zote nne na katikati, msipenye ganda la nje. Unga ukitoka mkavu na wa njano, mbao ni nzima. Ukitoka mweusi, umeloa, unanuka uvundo, imekwisha. Kwa maji ya kahawia mliyoyaona, natarajia tundu za chini zitatoa uji. Wapo wanaotoboa matundu mengi na kumimina ipoksi nyepesi humo. Mbao iliyoloa hainywi ipoksi. Msipoteze fedha.

Lakini kabla hamjashika grainda, boti iwekwe sawa. Hapa nawaomba mnisikilize sana. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikata sakafu na ubao wa nyuma wa boti ya futi 18 ikiwa imekaa juu ya matairi mawili. Nilijenga vizuri, kila kiungo kilikuwa imara, lakini ganda lilikuwa limejipinda na mimi nikaligandisha likiwa limepinda. Ile boti ilivuta kushoto maisha yake yote, na mwenye mali alikuwa mvuvi aliyekopa. Boti ya zamani imelala vibaya muda mrefu. Ukiondoa sakafu na ubao inalegea kama kikapu. Tengenezeni vitanda vya mbao vilivyochongwa kufuata umbo la chini, angalau vitatu, kimoja chini kabisa ya ubao wa mashine. Pimeni kwa pima maji mbele na nyuma, vuteni uzi kutoka omo hadi tezi, kisha fungeni mbao za kuvuka juu kutoka ubavu hadi ubavu. Tokeni hapo mkaangalie tena kesho yake.

Kisha chukueni kipimo cha mlalo wa ubao, unene wake na kimo cha pale mashine inapokaa. Mashine ya mguu mrefu inataka kama inchi 20, ya mguu mfupi inchi 15. Mkikosea hapa, propela itakula hewa au mguu utaburuza. Kateni ganda la ndani tu, mkiacha ukingo wa sentimita 5 hadi 7 kuzunguka, na ganda la nje libaki kama lilivyo ili liwe kalibu yenu. Toeni plaiwudi kwa patasi, taratibu. Chini itatoka kama majani ya chai, juu itang'ang'ania.

Ubao mpya: vipande viwili vya plaiwudi ya baharini vya milimita 18, vikigandishwa pamoja kwa ipoksi vinapata milimita 36. Lakini mfuateni unene wa zamani mliopima. Muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini, ni kitu kizuri, lakini mihuri hugongwa na yeyote. Kateni kipande kidogo mkichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, mkikaushe, mkichemshe tena. Kikiachana tabaka, kirudisheni dukani. Pakeni mbao ipoksi tupu kwanza pande zote, hasa kingo, kisha ipoksi iliyotiwa unga wa kuifanya nzito iwe kama siagi ya karanga, kisha bandikeni kwenye ganda la nje na kubana. Mkibana kupita kiasi mtaikamua gundi yote itoke nje. Baneni mpaka ichuruzike kidogo kingoni, basi. Pembe ambapo ubao unakutana na ubavu na chini, zijazeni ipoksi nzito ziwe mviringo, kwa sababu kitambaa cha faiba hakikubali kukunjwa kwa pembe kali, kinainuka na kuacha hewa. Juu yake tabaka za kitambaa, kila moja ikitangulia nyingine kwa sentimita 5, zipande ubavuni na chini sentimita 15 hadi 20.

Na matundu ya bolti, ambayo ndiyo yaliyoua ubao wa kwanza: toboeni makubwa kuliko bolti kwa kiasi cha nusu, yajazeni ipoksi nzito, iache igande, kisha toboeni tena katikati kwa saizi ya bolti yenyewe. Hapo bolti inapita kwenye ipoksi na haigusi mbao popote. Tundu la kizibo lifanyiwe vivyo hivyo.

Kuwa kwenu wanne ni bahati kubwa kuliko mnavyodhani. Rezini ikishachanganywa haimsubiri mtu, na kwa joto la Tanga mna dakika 15 au 20. Mmoja kazi yake iwe kupima na kuchanganya tu, mikono yake isiguse faiba. Wa pili alaze na kulowesha, wa tatu afuate kwa rola ya chuma akitoa hewa, wa nne akate vitambaa na kuangalia saa. Kwa poliesta, kilo 1 ya rezini inataka mililita 10 za hadna kwenye joto kama letu. Msishuke chini ya hapo kwa kutafuta muda, haitaganda hadi ndani. Badala yake changanyeni kidogo kidogo, kivulini. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hunywa kama kilo 1 ya rezini na kuacha unene wa takriban milimita 1. Msilaze zaidi ya tabaka tatu au nne kwa mpigo, zinachemka. Kwa ipoksi fuateni kwa makini uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kuongeza hadna hakuiharakishi, kunaiharibu.

Hadna ya poliesta ikiruka jichoni inapofusha. Miwani ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikitokea, osheni jicho kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali. Muuzaji akiwapa chupa mbili, moja ya hadna na nyingine ya kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda), zisikutane kamwe zenyewe kwa zenyewe: zinalipuka. Mvuke wa rezini ni mzito, unatuama ndani ya boti alikoinama mtu, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuteni yenye vichujio vya kemikali, na anayeshika grainda avae ya vumbi kila dakika. Mabaki ya rezini kwenye kopo wekeni nje juu ya mchanga. Nimeona kopo likitoa moshi.

Mashine ya 40? Ikiwa hakuna kibao cha mtengenezaji, chukueni kanuni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani. Zidisheni urefu wa boti kwa upana wa nyuma, vyote kwa futi. Tuseme upana ni futi 5: 16 mara 5 ni 80. Kwa boti isiyo bapa chini, inayoongozwa kwa mkono wa mashine, zidisheni 0.8 kisha toeni 25. Inabaki 39, mnapandisha hadi tano inayofuata, yaani 40. Mmefika ukingoni, na hiyo ni kwa ubao mzima. Mkipima upana mkapata futi nne na nusu, jibu ni 35, na mashine ya 40 mwachieni mwingine. Pia mashine ya mipigo minne ni nzito kuliko ya mipigo miwili ya nguvu ile ile. Ulizeni uzito kabla ya kulipa.

Kuhusu Iddi, waambieni wenzako wawili kwamba rangi haina kosa, ila zamu yake ni ya mwisho. Masika isiwakute boti ikiwa wazi. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ndiyo msimu wangu wa faiba: joto limepungua na mvua si nyingi. Anzeni umande ukishakauka, komeni kabla jua halijashuka. Mkitaka kujua kama ganda limekauka, bandikeni karatasi ya nailoni kwa tepe pande zote, iacheni siku nzima na usiku wake. Ikitoa jasho kwa ndani, subirini.

Siku ya kushusha, ngojeni bamvua, maji yanapojaa sana, ili msiiburuze mchangani. Iacheni ielee nusu siku bila mashine, mkichungulia ngama kwa tochi. Kisha fungeni mashine, endesheni nusu saa mwendo wa wastani, mrudi, mkaze bolti tena, mkague zile pembe mbili za ubao kwa ndani. Ufa mwembamba kama unywele ukionekana hapo, pandisheni boti siku ile ile.