Barua kwa mwanangu: kabla hujawasha kamera

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Umeniuliza namna ya kumrekodi bibi wa mumeo, manusura wa Holokosti (mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi) mwenye miaka 93, na mfanye nini na lile kopo la filamu mlilolikuta kabatini kwake. Nianze na kopo, kwa kuwa kosa lake halirekebishiki.

Msiitie filamu hiyo kwenye projekta. Fungua kopo, nusa. Ukisikia harufu ya siki, asetati, yaani plastiki ya filamu, imeanza kuoza: inatoa asidi, na asidi hiyo hiyo inazidi kuiozesha. Filamu husinyaa, matundu ya pembeni yasikae tena kwenye meno ya mashine, ikachanika. Itengeni na filamu nyingine, muiweke penye baridi na ukavu, kisha mpelekeeni fundi wa kuhifadhi filamu aiskani fremu kwa fremu.

Wala msiidharau kwa ufupi wake. Mwaka 1938 David Kurtz, Myahudi aliyetoka Marekani kutembea Ulaya, alipiga dakika tatu hivi katika mji wa Nasielsk, Poland. Watoto wanasukumana mbele ya kamera, kila mmoja anataka aonekane yeye. Katika Wayahudi wapatao 3,000 wa mji ule, waliosalimika vita hawakufika 100. Mjukuu wa David, Glenn, aliikuta filamu hiyo mwaka 2009 nyumbani kwa wazazi wake Florida, imeshaanza kuharibika, na Makumbusho ya Holokosti ya Washington yakaiokoa. Ilipowekwa kwenye intaneti, mwanamke mmoja aliitazama akamwona babu yake, mvulana wa miaka 13 katikati ya kundi lile. Mzee alikuwa bado hai, na alikumbuka majina ya wenzake.

Sasa Bibi mwenyewe. Wiki moja kabla, nendeni bila kamera. Mwandike majina ya ndugu, herufi kwa herufi, na mji wake kwa majina yake yote. Lwów ya Poland ya wakati ule ndiyo Lviv ya Ukraine leo. Hifadhi ya Arolsen, Ujerumani, ina nyaraka zinazohusu watu wapatao milioni 17.5 walioteswa na Wanazi, na jina likikosewa mtu hapatikani. Siku hiyo hiyo mkubaliane kwa maandishi nani ataruhusiwa kuitazama video, na kama itawekwa mtandaoni.

Siku ya kurekodi, hangaikia sauti kuliko picha. Picha yenye giza kidogo huvumilika; neno lisilosikika limepotea. Mbane maikrofoni ndogo kifuani, shubiri moja chini ya kidevu, avue mkufu usije ukaigonga. Zimeni friji na saa ya ukutani, mvae visikilizio muda wote, kilele cha sauti kwenye kipimo cha mashine kikae karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Dirisha liwe ubavuni kwake, lisiwe nyuma. Kamera iwe usawa wa macho yake, na muulizaji, mmoja tu, akae kando ya lenzi. Kwa video ya megabiti 50 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 22 na ushei, basi kadi moja ndogo haitoshi.

Taasisi ya Shoah (jina la Kiebrania la Holokosti), aliyoianzisha mwongozaji filamu Steven Spielberg mwaka 1994 na iliyokusanya shuhuda zaidi ya 50,000, ilianza na maisha kabla ya vita na kumalizia kwa picha za familia. Fuateni njia hiyo. Familia nyingi huharakia kuuliza habari za kambi za mateso, na wajukuu wakarithi kifo tu, nyumba wasiijue. Aeleze mkate wa Sabato ulisukwa vipi, nani alikaa upande gani wa meza, ngazi zilinuka nini. Usimuulize “uliogopa?”, muulize “mlango ulipofunguliwa, uliona nini?” Aseme Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, au Kipolandi akitaka, manukuu yatakuja baadaye. Akikosea mwaka, usimsahihishe mbele ya kamera. Akinyamaza, nyamazeni naye. Hesabu kumi kimoyomoyo; muulizaji mwenye haraka hukata sentensi ambayo Bibi ameitafuta miaka 80.

Dakika 90 zinatosha kwa siku, na mapumziko katikati. Mwishoni aonyeshe kila picha, akitaja watu kutoka kushoto kwenda kulia.

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kufuta kadi, tengenezeni nakala tatu: mbili kwenye diski tofauti, ya tatu nje ya nyumba hiyo. Fungueni kila nakala muitazame, maana faili laweza kuwa na jina na ukubwa kamili lakini lisicheze. Kisha muandike maneno yake yote pamoja na dakika yalipotamkwa, kwa kuwa mjukuu anayemtafuta Shangazi fulani hatatazama saa sita za video.

Usiku wa siku ya kwanza mmoja wenu alale kwa Bibi. Mambo aliyoyasema mchana huweza kumrudia ndotoni.

Mama yako