Binti anayeficha mguu wake
Dada, nimekuelewa: binti yako wa miaka 9 anaficha kifaa cha mguuni kwa sketi ndefu na hataki tena kucheza na wenzake. Inauma. Kwanza angalia ngozi yake. Watoto hukua, kifaa kikabana na kuchubua; huenda anaficha maumivu, si aibu tu. Kikibana, mrudishe kwa waliomtengenezea.

Kisha mjiandae kwa swali analoliogopa: “Mguu wako una nini?” Achague mwenyewe jibu fupi, mlirudie nyumbani hadi alitamke bila kuinama. “Sitaki kulizungumzia” nalo ni jibu halali.

Mwache afunge viatu mwenyewe, hata mkichelewa. Mkutanishe na mtu mzima mwenye ulemavu kama wake. Hilo naliamini kuliko nasaha zetu. Akikataa shule au akisema anatamani kufa, mpeleke kwa mwanasaikolojia mara moja.