Kabla hujauma keki, uliza imeumuliwa na nini

Watu wakijua figo zako zina hitilafu, kitu cha kwanza wanachokuondolea mbele yako ni kitamu. Wanaogopa sukari. Kwa mwenye kisukari wana haki, na yeye afuate kipimo alichopewa kliniki. Lakini mimi figo zangu ziliharibiwa na presha, sukari yangu iko sawa, na kinachonihangaisha kwenye keki ni kile kilichoiumua.

Bekingi pauda nyingi huwa na chumvi za fosfeti, yaani zenye madini ya fosforasi. Fosforasi iliyomo kwenye maharage au nafaka, mwili huchukua sehemu yake tu. Hii ya kiwandani huingia kwenye damu karibu yote. Figo zikiwa dhaifu haipati pa kutokea. Hujikusanya, ikakuwasha ngozi usiku kucha, ikadhoofisha mifupa, ikakakamaza mishipa ya damu. Ndiyo maana keki za pakiti nimeziacha kabisa. Ukilazimika kununua, soma maandishi madogo ya nyuma: ukikuta neno lenye herufi "phos", au namba E341, E450 ama E541, irudishe rafuni. Bekingi soda nayo haina fosfeti, ila kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima.

Kwangu mimi, basi, ni hamira: mahamri, mkate wa sinia. Na kipenzi changu ni mkate wa mayai wa kwetu Pwani, ule wa asili usiotiwa poda yoyote. Mayai na sukari hupigwa mpaka yageuke meupe na mazito, unga ukafuata taratibu, na upepo ulionaswa humo ndio unaoumua. Kiini kimoja kina fosforasi kama miligramu 65, ute wake 5 hivi, kwa hiyo mimi hupunguza viini na kuongeza ute. Rangi hufifia kidogo, lakini iliki ikikolea hakuna anayelalamika. Kipande kimoja, chai ya rangi, basi.

Sasa tende. Utaambiwa uzitie badala ya sukari kwa kuwa ni za asili. Nakusihi usikubali hivi hivi. Gramu 100 za tende zina zaidi ya miligramu 600 za potasiamu, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama bila kukuonya. Ndizi mbivu na kakao zichukulie kwa tahadhari hiyo hiyo. Ushauri huu huja kwa mapenzi, tena kutoka kwa wakubwa, kuukataa ni vigumu. Mimi husema tu, "Shangazi, daktari amenipimia," na huwa wanaelewa.

Kama umeandikiwa vidonge vya kuzuia fosforasi, vimeze pamoja na chakula chenyewe, hata kikiwa kitafunio, jinsi daktari alivyokuelekeza. Na majibu yako ya damu mpelekee mtaalamu wa lishe ayaone, kwani kipande kinachonifaa mimi huenda kikakuzidi wewe unayesafishwa damu.