Maswali na Majibu: Majani ya Dawa Mbele ya Bakteria na Fangasi

Nimeanika majani juani yakakauka kwa siku moja. Nisage?

Haya tupa, uanze upya. Anika kivulini penye upepo, hata ikichukua wiki nzima, kwa sababu jua kali huharibu baadhi ya kemikali na mafuta yenye harufu huruka. Hifadhi pia tawi lenye ua, mtaalamu wa mimea alitambue. Mimea mitatu tofauti huweza kuitwa kwa jina moja la kienyeji.

Mganga huchemsha kwa maji. Mbona maabara hutumia ethanoli, yaani alkoholi?

Kwa kuwa ethanoli hutoa vitu vingi ambavyo maji huviacha kwenye makapi. Joto nalo lina neno lake: mwaka 1971 Tu Youyou wa China, akitafuta dawa ya malaria, aliacha kuchemsha mmea wa pakanga akatumia etha, kiyeyushi ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi tu. Hapo ndipo njia ya artemisinini, dawa ya malaria, ilipofunguka. Hata hivyo, nakuomba upime na dondoo la maji. Ukipima la ethanoli peke yake, dawa ya mganga hujaipima.

Niliweka kidonge cha karatasi chenye dondoo kwenye sahani ya bakteria. Dondoo langu lilitoa duara wazi, pasipoota bakteria, la milimita 18, la mwenzangu 12. Langu ni kali zaidi?

Swali hili ndilo linalopotosha wengi. Duara huonyesha mambo mawili kwa pamoja: ukali wa dawa na wepesi wake wa kusambaa ndani ya agari, ile jeli ya kuoteshea iliyo kwenye sahani. Kemikali yenye asili ya mafuta husambaa kwa shida, ikatoa duara dogo ingawa ni kali. Tena, kidonge cha karatasi cha jentamaisini, antibiotiki ya kulinganishia, hubeba mikrogramu 10 tu, na chako pengine kina miligramu kadhaa. Kuvilinganisha kwa rula si haki. Je, mlianza na idadi sawa ya bakteria? Kawaida ni takriban milioni 150 kwa mililita. Na kile kidonge chenye kiyeyushi kitupu, kama ethanoli bila dondoo, kiko wapi? Kisipokuwepo, mimi siyasomi matokeo, maana huenda kilichoua ni kiyeyushi.

Ukitaka kujua ukali, zimua dondoo nusu kwa nusu kwenye visima vidogo vyenye mchuzi wa kuoteshea bakteria, utafute kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Dondoo ghafi likizuia kwa mikrogramu 100 kwa mililita au pungufu, hapo kuna jambo la kufuatilia.

Bakteria aina ya stafilokoka walizuiwa, wale wa E. coli wakaota kama kawaida. Nimekosea?

Hapana. E. coli ana utando wa ziada nje ya ukuta wake, na kemikali nyingi za mimea hukwama hapo. Andika matokeo yako hivyo hivyo.

Dondoo limeua pia Kandida, ambaye ni fangasi. Naweza kumpa mgonjwa anywe?

Usimpe. Seli ya fangasi inafanana na yetu zaidi kuliko seli ya bakteria inavyofanana nayo, kwa hiyo kinachoiua kinaweza kutuumiza nasi. Klorini ya kufulia nayo huua vimelea wote hao kwenye sahani. Kwanza pima sumu kwa seli za binadamu, kisha kwa wanyama, na hiyo ni kazi ya miaka. Mgonjwa wako apelekwe hospitali leo.