Rekodi yangu ya tekno imetoka, sikieni haya kabla hamjanunua mashine

Wadau, rekodi imetoka wiki iliyopita, nyimbo nne za tekno, ule muziki wa kucheza wa mashine, zote zimepigwa kwa mashine za analogi, yaani sauti inatoka kwenye saketi za umeme siyo kompyuta, hapahapa Shangani, Mtwara, na tangu itoke vijana wananifuata wananiuliza natumia programu gani. Hakuna programu. Nina vimashine viwili vya betri, kimoja cha besi kingine cha ngoma, na mikisa ya mtumba ya kuchanganyia sauti, hela ilitoka kwenye korosho za mama.

Na mtumba msiudharau jamani. TB-303, mashine ya besi ya kampuni ya Roland ya Japani, ilitoka 1981 ikakosa wateja, 1984 wakaacha kuitengeneza, bei ya mtumba ikashuka ndo vijana wa Chicago wakazipata, wakazungusha vitufe mpaka ikatoa ule mlio wa kulialia unaoitwa asidi, ambao mpaka leo watu wanautafuta.

Sasa ushauri wangu mkubwa: rekodi kila unachopiga, hapohapo. Kuna usiku nilipata besi moja nzito, inazama halafu inapanda kama mtu anakoroma chumba cha pili, nikaiacha inaimba karibu saa nzima nacheza peke yangu gizani nikasema ntarekodi kesho. Asubuhi mpwa wangu kaingia, kaona vitaa vyekundu, kazungusha kila kitu. Mashine yangu inatunza nota, mkao wa vitufe haitunzi, kwahiyo nota zipo ila sauti imeondoka. Nimeitafuta siku tatu nikaikosa, kile kitufe cha filta, kinachofanya sauti iwe nzito au kali, ukikisogeza upana wa unywele tu unapata wimbo mwingine kabisa. Iliniuma sana, siku hizi nabandika selotepu pembeni ya kitufe naweka alama na kalamu, napiga na picha kwa simu.

Halafu joto letu. Sauti ya analogi inatoka kwenye umeme wenyewe, mashine ikipata moto nota zinahama, so washa dakika 20 kabla ndo utyuni, na feni isiipulizie moja kwa moja. Ukimaliza funika na kitambaa maana upepo wa chumvi ukiingia kwenye vitufe vinaanza kukwaruza.

Betri nazo nazipenda kuliko adapta, umeme ukikatika unaendelea na ule mvumo wa waya haupo.

Kingine, usipange wimbo wote kabla. Mpiga ngoma wa sindimba anaangalia viuno vya wachezaji ndo anajua aongeze au apunguze, na mimi napiga hivyohivyo, mkono mmoja kwenye filta mwingine kwenye mikisa, dakika nane bila kusimama, nikikosea naanza upya mwanzo.

Wimbo wa tatu niliurekodi saa nane mchana, bati linawaka, ukisikiliza vizuri kuelekea mwisho besi inapanda kidogo kidogo yenyewe. Nimeuacha hivyohivyo.