Uliza Ujibiwe: Vijana wa dola moja kwa siku

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Kasin yangu anakaa Denver, Marekani, amenitumia picha za ukumbi wa wazi unaitwa Red Rocks, viti vimepangwa katikati ya miamba myekundu mikubwa ajabu, eti ulijengwa miaka ya 1930 na vijana wasio na kazi ambao serikali ilikuwa inawalipa dola moja kwa siku. Mimi mwaka wa korona nilikuwa kwa ile kazi ya vijana ya mtaani, tunafyeka, tunazibua mitaro, na ilipoisha mvua ilinyesha kidogo tu mitaro ikajaa vilevile. Hao waliwezaje kuacha kitu kama kile? Ama ni porojo? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Si porojo ndugu yangu, kasin kasema kweli. Soko la hisa la Marekani lilianguka mwaka 1929, ikifika 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hana kazi, mabenki yanafungwa, na vijana wamejaa barabarani wanadandia treni za mizigo kwenda popote wanaposikia kuna kibarua. Rais mpya, Franklin Roosevelt, akaapishwa mwezi Machi 1933 na kabla Machi haijaisha sheria ikawa imepita, Aprili kambi ya kwanza ikafunguliwa msituni huko Virginia. Kikosi kikaitwa Civilian Conservation Corps, watu walikiita CCC tu. Mwanzoni walichukua wavulana wa miaka 18 mpaka 25, hawajaoa, na kwao lazima pawe pamepigika kiasi cha kuishi kwa msaada.

Sasa mshahara. Dola 30 kwa mwezi, ndiyo hiyo dola moja kwa siku, ila kijana mwenyewe mkononi alikuwa anabaki na kama dola 5 hivi, zile 25 zinatumwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi. Mimi nadhani hapa ndipo palipokuwa na akili, maana kijana analala bure, anakula bure, nguo na daktari bure, na mama kule nyumbani ana uhakika wa kulipa kodi ya nyumba na deni la dukani. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele sana kwamba dola moja itashusha mishahara ya watu wote, Roosevelt akawazima kijanja, akamteua Robert Fechner kuwa mkuu wa kikosi na huyo Fechner alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi!

Lakini wewe unauliza waliwezaje kuacha kitu cha kudumu, na hilo halitokani na vijana wa kwao kuwa hodari kuliko ninyi, wengi walitoka mjini na sururu hawajawahi kuishika. Tofauti ni kwamba kazi ilikuwa imeshachorwa. Jeshi liliendesha kambi, yaani kulala, kula, nidhamu na kuamka kwa tarumbeta, ila kazi yenyewe ya mchana ilipangwa na watu wa misitu na watu wa mbuga, wenye wasanifu wao na mainjinia wao, tena kila kambi iliajiri mafundi wa eneo lile, waashi na maseremala watu wazima, wakae na vijana wawaelekeze jiwe linakaaje. Ndiyo maana majengo ya mbuga zao za wakati ule ni mawe na magogo ya palepale, kwanza vifaa ni rahisi, pili kuchonga jiwe kwa mkono kunakula watu wengi, na serikali ilikuwa inataka hasa kazi inayokula watu wengi. Ukumbi huo wa Red Rocks ulichorwa na msanifu Burnham Hoyt, vijana wakaanza 1936 wakamaliza 1941, wakipasua miamba kwa baruti na kubeba udongo miaka na miaka. Sasa mtu ukimpa fyekeo na ufagio, bila ramani, bila fundi, na mkataba wa miezi michache, atakuachia nini zaidi ya mtaro uliosafishwa? Kosa si lenu.

Kwa jumla walipita karibu vijana milioni 3, wakapanda miti inayokadiriwa bilioni 3, wakajenga au kuendeleza mbuga za majimbo mamia kadhaa. Na zaidi ya 40,000 waliofika kambini hawajui kusoma walijifunzia hukohuko jioni baada ya kazi.

SWALI: Nimeona picha za hao vijana wa Roosevelt, mbona karibu wote wavulana tena weupe? Sisi wanawake na watu weusi tulikuwa wapi? – Dada msomaji, Tanga

JIBU: Umeona vizuri dada. Oscar De Priest, mbunge mweusi pekee katika bunge lao wakati ule, alihakikisha sheria inasema hakuna kubagua mtu kwa rangi. Karatasini safi kabisa. Kusini, hasa Georgia, wasimamizi wakawa hawawaandikishi weusi mpaka serikali kuu ya Washington ikawatishia, halafu mwaka 1935 Fechner mwenyewe akaamuru kambi zitenganishwe, na jeshi nalo lilikuwa halitaki maofisa weusi. Hata hivyo weusi zaidi ya 200,000 walipita humo. Wanawake hawakuruhusiwa kabisa. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alisukuma mpaka zikapatikana kambi za wanawake pembeni, wakapita kama 8,500 tu, hawakulipwa mshahara kama wa wavulana, walipewa vijisenti vya matumizi, na watu wa magazeti wakawafanyia mzaha. Ukilinganisha na milioni 3 unaona mwenyewe.

SWALI: Huku kwetu tukisikia neno hifadhi tunauliza kwanza nani anahamishwa. Huko Marekani hizo mbuga zilijengwa pasipo na watu? – Msomaji, Karatu

JIBU: Hapana, walikuwepo. Chukua Shenandoah, Virginia, mbuga ambayo CCC waliifanyia kazi kubwa sana. Mwaka 1928 jimbo lilipitisha sheria ya kutwaa ardhi kwa ajili ya mbuga, familia mamia za wakulima wa milimani zikatolewa, wengine walikuwa hawana hati ya ardhi kwa hiyo hata fidia hawakuiona. Na nyumba zao baadhi zilibomolewa na haohao vijana wa CCC, watoto wa maskini wanabomoa nyumba za maskini, hili kwenye vipeperushi vya watalii huwa halipewi nafasi. Wazee wachache waliruhusiwa kubaki mpaka wafe.

SWALI: Kama ilikuwa nzuri hivyo kwa nini waliifuta? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Viwanda vya silaha vikaanza kuajiri, vijana wakaitwa jeshini, mwaka 1942 bunge likakata fedha basi.

SWALI: Mimi niko Ohio, mume wangu ni Mmarekani na anasema babu yake alikuwa CCC ila nyumbani hakuna hata karatasi. Kuna pa kuulizia? – Mama wawili, Columbus

JIBU: Papo. Mafaili ya waliotumikia CCC yanatunzwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, tawi la St. Louis, Missouri. Mwambie shemeji aandike jina kamili la babu, tarehe ya kuzaliwa, jimbo alikoandikishwa, na kama kuna anayekumbuka namba ya kambi aiweke. Na aulize pia jina la mama mzazi wa babu, maana kwenye faili huwa pameandikwa ni nani aliyekuwa anapokea zile dola 25.